Nani Alilipwa Fidia? Uhakiki wa Maneno ya Msalaba katika Kiswahili

Katika kusahihisha insha za wanafunzi wetu mjini Gisenyi, insha zilizoandikwa kwa mada ya Ijumaa Kuu, tulikutana na sentensi moja iliyotusimamisha. Mwanafunzi alisema kwamba, maadamu Yesu alikwisha kulipa fidia ya makosa yote ya wanadamu pale msalabani, hakuna tena mtu awezaye kumdai mwenziwe kitu. Tuliisoma mara mbili, mara tatu. Ngeli zilikaa mahali pake, nyakati za vitenzi zilikuwa sawa, viunganishi vilifanya kazi yake. Kwa upande wa sarufi hatukuwa na la kusahihisha. Hata hivyo tuliiweka kalamu chini, kwa kuwa tulijua ya kwamba katika darasa lile lile alikuwamo mtoto ambaye babu yake aliuawa mwaka 1994, na ng'ombe wa nyumba yao wakaswagwa na watu wanaojulikana kwa majina.

Wanafunzi wetu wote wamezaliwa baada ya mwaka huo. Nyumba walimozaliwa hazikuanza baada yake.

Sentensi ile mwanafunzi hakuitunga peke yake. Aliisikia, kwa maneno haya au mengine, katika mahubiri, katika nyimbo, na katika mazungumzo ya watu wazima. Kwa hiyo uhakiki wetu haumlengi yeye. Tunayataka maneno yenyewe yajieleze: komboa, fidia, kafara, dhambi, upatanisho, pamoja na kihusishi kimoja kidogo kinachotumika kila Ijumaa Kuu bila kuangaliwa. Tunadai kwamba maneno haya, yakitumiwa ovyo, humsahau mtu mmoja katika habari ya msalaba, naye ni yule aliyekosewa. Na kwamba Kiswahili chenyewe, kikifundishwa kwa uangalifu, kina njia ya kumrudisha.

Makala haya hayakusudii kuhubiri. Miongoni mwa wasomaji wa taarifa hii wamo Waislamu, ambao imani yao haikubali kwamba Nabii Isa alisulubiwa. Nao wana haki ya kusoma habari hizi kama wasomaji wa lugha. Tena tutaona kwamba Wakristo wana deni kwao, kwa kuwa maneno kadhaa ambayo Kanisa hulielezea fumbo lake yalitumiwa kwanza na Waislamu wa pwani.

Komboa

Tuanze na komboa. Hili ni neno la Kibantu, na maana yake ya kila siku anaijua yeyote aliyewahi kuweka rehani: mtu hukomboa saa yake kwa kurudisha fedha alizokopa. Katika karne ya 19 pwani yetu ililitumia kwa jambo zito zaidi. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, waliwapa fedha wauza watumwa, wakawachukua watoto na watu wazima na kuwapa makao katika kijiji cha misheni. Kisiwani Unguja, soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana juu ya kiwanja hicho. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wake, ndiye aliyekuwa pia mbele katika kazi ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kiunguja.

Kwa watu wa wakati ule, kusema kwamba Kristo amewakomboa wenye dhambi hakukuwa fumbo la mbali. Waliokombolewa waliwaona kwa macho, na bei zao walizijua. Hata Kigiriki cha Agano Jipya kilikuwa hivyo, kwa sababu neno lake la fidia lilitumika kwa bei ya kumwachisha huru mtumwa au mateka. Wafasiri walichagua vyema. Neno la sokoni lilifasiriwa kwa neno la sokoni.

Lakini ukombozi wa sokoni una swali lake. Fedha zikitolewa, nani huzipokea? Huzipokea bwana. Mwanzoni mwa mwaka 1889 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliwalipa mabwana wa nchi ya Mombasa ili watumwa watoro zaidi ya elfu moja, waliokuwa wamekimbilia Rabai na vituo vingine vya misheni, wapewe hati za uhuru. Amri iliyotolewa Unguja mwaka 1897, iliyoondoa hali ya utumwa mbele ya sheria, nayo iliweka fidia kwa mabwana waliopoteza watumwa. Aliyechapwa fimbo, aliyetenganishwa na mamaye, hakuandikiwa hata pesa moja. Hilo ndilo umbo la biashara ambamo neno hili lilikomaa: mwenye nguvu hulipwa, na mwenye jeraha huambiwa ashukuru kwamba yu huru.

Fidia na kafara

Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotolewa kamili mwaka 1952, hutumia neno fidia pale Yesu anapotaja kutoa nafsi yake kwa wengi. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu. Mara tu mtu anapolitamka, swali la sokoni humfuata: alilipwa nani?

Swali hili si geni, na wanateolojia wa kale walilihangaikia. Wako waliojibu kwamba aliyelipwa ni Shetani, kwa kuwa ndiye aliyewashika wanadamu utumwani. Katika karne ya 4, Gregory wa Nazianzus aliikataa kauli hiyo kwa hasira: itakuwaje mnyang'anyi apewe bei kubwa namna ile kwa mali aliyoiba? Akaongeza kwamba haikumdhihirikia pia kwa nini Baba ahitaji kulipwa damu ya Mwanawe. Miaka mia saba hivi baadaye, Anselm, katika kitabu chake Cur Deus Homo alichokimaliza mwaka 1098, aliyapanga mambo upya. Dhambi, kwake, ni kumnyima Mungu heshima anayostahili. Mwanadamu ndiye anayepaswa kulipa, lakini hana cha kulipia. Ndipo akahitajika aliye Mungu na mwanadamu pamoja. Abelard, wa kizazi kilichofuata, yeye alitilia nguvu upendo: kwamba msalaba huuonyesha upendo wa Mungu, na mwenye dhambi akiuona moyo wake hugeuka.

Hatuna nafasi ya kuamua kati ya wakubwa hawa, wala si kazi yetu. Twaona tu kwamba katika hesabu zao kuna Mungu, kuna mwenye dhambi, na mara nyingine kuna Shetani. Yule aliyeibiwa ng'ombe hana safu yake katika daftari. Wala hatusemi kwamba walimsahau makusudi; walikuwa wakijibu swali jingine. Lakini mhubiri wa leo anapolichukua jibu lao na kulitamka mbele ya watu walioibiana na kuuana, huwa amelijibu swali ambalo wao hawakuulizwa.

Sasa tutazame matumizi ya Waislamu, ambao maneno fidia na kafara yamo katika sheria yao. Mzee asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa fidia: humlisha maskini kwa kila siku aliyoikosa. Aliyevunja kiapo anadaiwa kafara, na njia mojawapo ya kuitimiza ni kuwalisha maskini kumi. Aliyemuua mtu bila kukusudia hutoa dia, na wanaoipokea ni warithi wa marehemu. Katika mifano yote mitatu anayelipa ni mwenye kosa au mwenye upungufu, na chakula au mali hufika mkononi mwa mwanadamu mwingine. Amri ni ya Mungu. Sahani iko mbele ya maskini.

Lugha ya Kikristo ilipoliazima neno fidia ililibadilisha pande zote mbili. Mlipaji akawa Kristo, wala si mkosaji. Mlipwaji akainuliwa mbinguni. Badiliko hilo ndilo kiini chenyewe cha Injili jinsi Wakristo wanavyoiamini, na hatulilaumu. Tunachosema ni kwamba lina gharama yake katika lugha. Neno lililokuwa likimtazama jirani sasa linatazama juu, na mwanafunzi asiyeonywa hudhani kwamba jirani hayumo tena.

Ama kafara, hilo lina hatari ya pili. Katika desturi za watu wengi wa pwani kafara ni kitu kinachotolewa ili balaa lipite, na hata leo husemwa kwamba fulani katolewa kafara, yaani ametwishwa makosa ya wengine ili wao wapone. Wafasiri wa 1952, walipofika mahali pazito katika Waraka kwa Warumi na Waraka wa Kwanza wa Yohana, hawakuliweka neno hilo. Walichagua upatanisho na kipatanisho. Twaona walifanya busara. Msalaba ukielezwa kuwa ni kafara tu, humfundisha msikilizaji kwamba jamii hupona ikimpata mtu wa kumtwisha. Fundisho hilo Rwanda imeliona likitendwa, na halikumponya mtu.

Dhambi na uhalifu

Twende sasa kwenye jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili nchini Rwanda hukutana nalo kila siku, pengine bila kulitambua. Mwanafunzi wetu huwaza kwa Kinyarwanda. Katika lugha hiyo neno icyaha hubeba mzigo wa maneno mawili ya Kiswahili. Padre akitaja yale yanayoungamwa katika kitubio, husema icyaha. Hakimu akisoma mashtaka mahakamani, naye husema icyaha. Kiswahili kimegawa: dhambi ni kosa mbele ya Mungu, uhalifu au jinai ni kosa mbele ya sheria. Tendo laweza kuwa moja, kwani aliyeua ametenda dhambi na jinai kwa panga lile lile. Lakini mabaraza ni mawili, na hukumu ya moja haiifuti ya pili.

Hapa ndipo sentensi ya mwanafunzi wetu ilipojikwaa. Alisikia kwamba msalaba huondoa icyaha, akatafsiri kwa neno makosa, ambalo ni pana kuliko yote, kisha akahitimisha kwamba hakuna adaiwaye. Laiti angelazimika kuchagua kati ya dhambi na uhalifu, angesita. Kusita huko ndiko tunakokutaka darasani.

Masimulizi ya kusulubiwa yenyewe yanaunga mkono mgawanyo huu. Luka anasimulia kwamba pamoja na Yesu waliuawa watu wawili, na Biblia ya Muungano inawaita wahalifu. Mmoja wao alikiri kwamba hukumu yao ni ya haki, akamwomba Yesu amkumbuke, akaahidiwa Peponi siku ile ile. Wahubiri hupenda mwisho huo, nao ni mzuri. Hawasemi mara nyingi kwamba mtu yule hakushuka msalabani. Alisamehewa akiwa amepigiliwa, akafa kwa hukumu aliyokwisha kuikiri kuwa ni haki. Dhambi yake iliondolewa. Uhalifu wake ulibaki na hukumu yake. Wala hatusomi kwamba aliona kinyume baina ya mambo hayo mawili.

Rwanda ilijaribu kuyapa mambo hayo mawili uwanja mmoja. Mahakama za gacaca, zilizoanza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005 na kufungwa Juni 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni 2. Mshtakiwa aliyetaka kupunguziwa adhabu alitakiwa kusema alichotenda, wapi, pamoja na nani, na mabaki ya waliouawa yako wapi, kisha aombe msamaha hadharani. Aliyepora mali alitakiwa kuirudisha au kuilipia. Si malipo yote yaliyokamilika. Msomaji ataona kwamba hatua hizo zina sura ya kitubio: kuungama, kujuta, kulipa. Tofauti ni kwamba katika kitubio anayesikiliza ni padre, na katika gacaca aliyekaa majanini akisikiliza ni mjane mwenyewe. Yule asiyekuwa na safu katika daftari alipata mahali pa kukaa.

Damu na ng'ombe

Huenda msomaji akauliza kama tunaleta fikira mpya katika imani ya zamani. Sivyo. Kutoka Gisenyi hadi Gahini ni kuivuka Rwanda yote, kutoka Ziwa Kivu hadi Ziwa Muhazi. Na huko Gahini, katika miaka ya 1930, ndiko ulikotokea uamsho uliowapa Afrika Mashariki walokole. Jina ni la Kiganda, moto ulikuwa wa Rwanda na Uganda pamoja, na kabla ya miaka ya 1940 ulikwisha kufika Kenya na Tanganyika. Hakuna kundi la Wakristo katika nchi zetu lililosisitiza damu ya Yesu na msalaba kuliko hao. Wimbo wao kwa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ulikuwa salamu yao njiani na alama ya kutambuana.

Wala hao hawakusema kwamba fidia ya Kristo imefuta deni la jirani. Mlokole alitambulikana kwa mambo mawili: kuungama hadharani, na kurudisha alichoiba. Aliyekuwa amechukua jembe la misheni alilirudisha. Aliyemdhulumu mwenziwe ng'ombe alikwenda na ng'ombe. Mfano wao ulikuwa Zakayo wa Injili ya Luka, mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne, na wokovu ukatajwa nyumbani kwake siku hiyo. Waliamini kwamba damu imelipa wasichoweza kulipa, na kwa sababu hiyo hiyo wakaharakisha kulipa walichoweza. Anayeimba habari ya damu huku ng'ombe wa jirani yu zizini mwake, kwa kipimo cha walokole wale, hajaokoka bado. Ameanza kujifunza wimbo.

Hatuwasifu kupita kiasi. Rwanda ya 1994 ilikuwa nchi ambayo watu wake wengi sana walikuwa wamebatizwa, Wakatoliki na Waprotestanti, na nyimbo za msalaba walizijua kwa moyo. Karibu na Gisenyi iko Nyundo, misheni iliyofunguliwa na Mapadre Weupe mwaka 1901, na makao ya Aloys Bigirumwami, aliyekuwa askofu wa kwanza Mwafrika nchini mwaka 1952. Jina lake, kwa Kinyarwanda kama kwa Kiswahili, ni chombo cha kupigilia misumari. Mwezi wa Aprili 1994 watu waliokimbilia huko waliuawa, mapadre na waumini pamoja, na waliowaua hawakuwa wageni wa habari ya Golgotha. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha mwezi wa Novemba 2016 kwa ajili ya Wakristo walioshiriki katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na Papa Fransisko naye aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watu wake mwezi wa Machi 2017. Basi kuyajua maneno hakutoshi. Tunajiuliza tu kama kuyajua vibaya hakukuwarahisishia wengine kazi yao.

Kwa ajili ya, pamoja na

Kimebaki kile kihusishi kidogo. Wakristo husema Kristo alikufa kwa ajili yetu. Katika Kiswahili kwa ajili ya ina mikono miwili. Tukisema fulani alifungwa kwa ajili ya nduguye, huenda ndugu ndiye aliyetenda kosa, naye akaponzwa. Au huenda alikubali kufungwa ili ndugu apate faida. Imani ya Kikristo huhitaji mikono yote miwili: Kristo aliuawa kwa sababu ya wenye dhambi, na kwa faida yao. Mhubiri mwenye haraka huitia maana ya tatu na kuifanya ndiyo pekee: badala yetu. Maana hiyo ina nafasi yake katika mafundisho ya makanisa mengi. Lakini ikibaki peke yake huleta picha ya watu wawili wakibadilishana zamu, mmoja akitoka na mwingine akiingia, na aliyetoka hana kazi tena.

Gisenyi inatupa picha nyingine. Felicita Niyitegeka, Mhutu, mwanamke wa wakfu katika shirika la Auxiliaires de l'Apostolat, alikuwa akisimamia kituo cha Saint-Pierre mjini humo. Mauaji yalipoanza aliwaficha Watutsi, na wengine aliwasaidia kuvuka mpaka kuingia Goma. Ndugu yake, ofisa mkubwa wa jeshi, alitaka kumwokoa, akamtaka aondoke. Alimjibu kwa barua kwamba hatajiokoa na kuwaacha aliokuwa nao. Kama ni kufa, atakufa pamoja nao. Tarehe 21 Aprili 1994 walichukuliwa hadi mahali panapoitwa Commune Rouge, penye makaburi ya mji, wakauawa. Taifa la Rwanda limemweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena.

Tukilipima tendo hilo kwa kihusishi badala ya, halina matunda: hakuna aliyepona pale kwa sababu yeye alikufa. Hakuchukua zamu ya mtu. Lakini hakuna Mrwanda aelewaye habari hiyo anayeiona kuwa ya bure. Wale waliokuwa wamehesabiwa kuwa si watu walikufa wakiwa na mtu ambaye angeweza kuondoka na hakuondoka. Hatusemi kwamba kifo chake ni sawa na kile ambacho Wakristo hukiamini kuhusu Kristo. Twasema kwamba kinatufundisha kusoma. Luka hakusimulia wahalifu wawili tu. Alisimulia kwamba waliuawa pamoja na Yesu. Kihusishi pamoja na kilikuwapo katika masimulizi tangu mwanzo, na sisi tulikiruka tukikimbilia badala ya.

Kikisomwa hivyo, msalaba humrudisha aliyekosewa mahali pake. Aliyetundikwa pale ni aliyeonewa, naye ndiye aliyewaombea msamaha waliomtundika. Hakuna aliyesamehe kwa niaba yake. Msamaha ni mali ya aliyekosewa, na habari ya Golgotha haimnyang'anyi mali hiyo. Humwonyesha Mungu akiwa miongoni mwa waliokosewa. Kwa hiyo Mkristo huamini kwamba Mungu aweza kusamehe hata pale aliyeuawa asipoweza tena kusema neno. Lakini hapo pia mjane bado yu hai, na hakuna anayeruhusiwa kusamehe kwa kinywa chake.

Upatanisho

Tumalizie na neno ambalo walimu wenzetu wanalijua kuliko wahubiri. Upatanisho, katika somo letu, ni kanuni ya sarufi: nomino huongoza, na kitenzi, kivumishi na kimilikishi havina budi kuchukua alama yake. Kitabu kile changu kimepotea; vitabu vile vyangu vimepotea. Maneno hayawi neno moja. Kila moja hubaki na maana yake na kazi yake, ila halikubaliwi katika sentensi mpaka libebe alama ya lile linaloliongoza. Mtu akisema kitabu wangu amepotea, atasikilizwa, lakini kila mmoja atajua kwamba sentensi haijapatana.

Twaona kwamba kanuni hiyo yaweza kumsaidia mwanafunzi kuelewa kwa nini wafasiri wa 1952 walilichagua neno upatanisho kwa jambo zito kuliko yote ya msalaba. Mwenye dhambi aliyesamehewa habadiliki kuwa mtu asiyetenda alichotenda. Ila matendo yake yatakayofuata hayana budi kubeba alama ya msamaha alioupokea: maneno yake, mikono yake, zizi lake. Yasipoibeba, amesema sentensi isiyopatana. Ndiyo maana Injili ya Mathayo humwagiza aletaye sadaka aiache mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na nduguye.

Katika ukingo wa insha ile hatukuandika kosa. Tuliandika swali: nani alilipwa? Alama za sarufi tulimpa zote, kwa kuwa alizistahili. Kipindi kilichofuata tuliandika ubaoni maneno manne, dhambi, uhalifu, fidia, deni, tukawataka wanafunzi watunge sentensi nne ambazo haziwezi kubadilishana maneno hayo. Kazi ilichukua saa nzima, na haikuwa rahisi hata kwetu.

Tungependa kusikia kutoka kwa wenzetu wa Goma, Bujumbura, Kigoma na Bukoba jinsi maneno haya yanavyotumika katika madarasa na makanisa yao, na kama lugha za nyumbani huko zinatenganisha dhambi na uhalifu au huziita kwa jina moja. Tangu Kiswahili kiliposhika nafasi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, wanafunzi wetu wanakihitaji sokoni, mpakani na ofisini. Wanakihitaji pia kwa mambo ambayo wazazi wao waliyasema kwa shida katika lugha yao wenyewe. Tukiwafundisha fidia, basi tuwafundishe na swali lake.